Msichana Niliyemwacha Mtoni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa nyumbani Maji ya Chai, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Nimefundisha shule ya Jumapili tangu sijaolewa, na wanaonifahamu wanajua sina mzaha na habari za mizimu. Kama ningetaka kutunga, niamini, ningetunga kitu ambacho hata mimi ningekielewa.

Mungu alinijalia kustaafu nikiwa na afya, nikaanza shahada ya pili chuoni, upande wa Makumira. Somo langu ni fasihi ya watoto. Vijana darasani waliniamkia shikamoo, kisha wakanitania: "Bibi, umekuja kusoma au kutusimulia?" Nilicheka nao. Mwezi ule wa kwanza nilisoma kama mtu aliyetoka kwenye mfungo. Vitabu vya sungura, vya mazimwi, vya yatima. Nilisoma nikisubiri maharage yaive, nilisoma kwenye benchi la zahanati. Kila ukurasa nilimshukuru Mungu.

Tatizo ni kwamba nikishapata ninachohitaji kwa insha yangu, nilikifunga kitabu, nikachukua kingine. Nani angekuwa na muda wa kuvimaliza vyote?

Alasiri nilimsomea mjukuu wangu Eliwaza, ambaye mama yake anafanya kazi mjini. Nikisema "Paukwa!" yeye huitikia "Pakawa!" mpaka kuku wanakimbia. Siku moja nilimsomea habari za msichana aliyepanda mlimani kukata majani ya ng'ombe. Wingu likashuka, akapotea. Akafika kwenye mto uliojaa, na ng'ambo akasikia sauti kama ya mama yake ikimwambia: vuka. Hapo nikafunga kitabu.

"Bibi, alivuka?"

"Tutaona kesho."

Kesho yake nilikirudisha maktaba.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha sana huko juu, Mlima Meru, na kwetu ukashuka ukungu. Eliwaza alikuwa amelala kwenye kochi, nami nasoma mezani. Nikasikia hodi. Mlangoni alisimama msichana mdogo, mzigo wa majani kichwani, mundu mkononi, maji yanamchuruzika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi na mvua hii?"

"Pale uliponiacha."

Nilidhani amenifananisha. Nikamwambia aingie aote moto. Hakuingia. Alinitazama bila hasira, kama mtoto anayesubiri zamu yake dukani.

"Nivuke, nisivuke?" aliuliza. "Wewe ndiye uliyeanza. Na sasa tuko wawili. Mimi na yule anayekuitikia."

Niligeuka. Kochi lilikuwa tupu, blanketi bado lina joto. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na chini ya migomba yetu kuna mto, ambao siku hiyo ulikuwa ukinguruma tangu asubuhi.

Nilikimbia mpaka mlango ule nikamwita Eliwaza. Mto ukaimeza sauti yangu. Ukungu ulikuwa mzito, hata mgomba wa kwanza sikuuona. Nikarudi nikamshika yule msichana mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Yuko wapi?"

"Amekaa ukingoni. Anasubiri, kama mimi."

Wewe ungefanya nini? Kitabu sikuwa nacho, na mwisho wake sikuujua. Nilisema, "Bwana Yesu, nipe maneno," nikaanza kusimulia.

"Hakuvuka. Aliijua sauti ya mama yake, na ile haikuwa yake. Akamshika mdogo wake mkono, wakafuata mfereji mpaka wakaona moshi wa nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni."

"Mama yangu?"

"Mama yako."

"Amevaa nini?"

Watoto! "Sweta la bluu," nikasema. "Limetoboka kiwiko."

Uso wake ukang'aa. "Ndiye," alisema. Akatua mzigo, akazunguka nyumba, ukungu ukamfunika.

Nikapiga magoti kuomba, na nilikuwa bado hapo Eliwaza alipotokea mlango wa nyuma, tope mpaka magotini.

"Bibi, mbona umechelewa? Dada kanishika mkono njia nzima!"

Majani yale yalibaki kizingitini. Nilimpelekea ng'ombe wangu; aliyanusa, akarudi nyuma mpaka akakata kamba. Mchungaji wetu alikuja, akaomba, akasema tushukuru tu mtoto amerudi. Nashukuru hadi leo. Lakini nilikwenda maktaba nikausoma mwisho wenyewe. Kitabuni, yule msichana anavuka. Mama yake hamwoni tena. Nikakaa sakafuni katikati ya wanafunzi.

Nilidhani yameisha. Jumapili moja, ninamfunga Eliwaza kamba za viatu twende kanisani, akasema, "Bibi, dada alisema asante. Lakini wenzake bado wanasubiri."

Wenzake! Nikaviona vitabu vyote vya mwezi ule, vyote nilivyovifunga katikati.

Tangu hapo naviazima tena kimoja kimoja, nasoma kwa sauti mpaka mwisho, mlango ukiwa wazi. Mwisho ukiwa mbaya, natunga mwingine. Sijavimaliza. Nawe unayewasomea watoto, nakusihi: usifunge kitabu mtu akiwa bado njiani. Na usipoujua mwisho, mfikishe kwanza kwa mama yake.