Saruji Kichwani, Tumbo Tupu

Mkufunzi wetu wa saikolojia alichora piramidi ubaoni: chini kabisa chakula, juu yake usalama, kisha upendo, kisha heshima, na kileleni mtu kutimiza kipaji chake. "Mwenye njaa hana habari na Mungu," alisema. "Tumbo likishiba ndipo roho inapata nafasi."

Nilikuwa nasomea ualimu mjini Morogoro, na mdomo wangu haukuwa na breki. Kwenye insha niliandika kwamba mama yangu angeipindua piramidi hiyo miguu juu. Nikapewa sifuri. Niandike upya alivyofundisha, aliniambia, au nirudi milimani nikalime kabichi, maana bila somo lake cheti hakuna. Nililia kwa hasira. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, Jumamosi twende ukamwone mwenyewe." Akakubali, nadhani ili anikomeshe.

Soko huria lilikuwa limeingia, na saruji iliyokuwa ikiuzwa kwa kibali cha serikali sasa ilijaa madukani. Kigango chetu cha Uluguru, tawi dogo la parokia, kilikuwa kinajenga kanisa mahali gari halifiki. Basi kila mama aliyeshuka sokoni na mboga alipanda na robo mfuko wa saruji kichwani. Jumamosi hiyo mama alishuka na karoti tangu alfajiri, hajatia kitu mdomoni.

Mkufunzi akamwamkia pale sokoni, mama akajitwika saruji yake, tukaanza kupanda. Mkufunzi alihema vibaya, lakini ubishi haukumwisha.

"Mama, si unataka majirani wakuheshimu?"

Mama akaongeza mwendo. Tulipofika kwenye msingi wa kanisa hapakuwa na mtu. Akamimina saruji kwenye pipa, akafunika, akapiga ishara ya msalaba.

"Nani anaandika majina ya waliobeba?" mkufunzi akauliza.

"Ya nini? Kwani Mungu hanijui?"

"Na njaa je?"

"Njaa nimezaliwa nayo, mwalimu. Kanisa ndiyo kwanza tunalipata."

Mkufunzi akajibwaga juu ya jiwe. Mama akamhurumia kwelikweli. Alifungua pindo la kanga akatoa ndizi mbili za kuchoma, chakula chake cha siku nzima.

"Kula kwanza, baba. Wewe hujazoea."

Alizila zote mbili, mwanamume yule, bila kutazama pembeni. Kisha akaniomba insha niliyokuwa nayo mkobani, akaiweka gotini, akaikata sifuri kwa kalamu nyekundu na kuandika alama ya kufaulu. Nikapiga kigelegele mpaka bonde likaitika.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Umefaulu saikolojia, mama."