Siku Yangu ya Kwanza na Mzani

Jamani, najicheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Tangu chama cha ushirika kiniachishe kazi, miaka ilipita nimelala nimeugeukia ukuta, hata siku za juma zikanipotea. Ndipo wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, na tajiri mmoja akanikabidhi mzani: “Jumatatu uwe kijijini Litumbandyosi.”

Kazi! Nilifika asubuhi naimba. Mbele ya kanisa nikakuta foleni ya watu waliovaa vizuri, kila mmoja na kahawa yake kichwani. Nikajisemea, kumbe habari zangu zimenitangulia! Nikatundika mzani mtini, nikampokea bibi wa kwanza mzigo.

“Shikamoo, bibi. Kahawa safi hii! Anayefuata!”

Wakafuata wote kwa adabu, mzee mmoja hadi akavua kofia. Nami jasho linanitoka, meno yote nje, napaza sauti kama niko mnadani, mpaka kengele ikalia na padre akatoka amevaa mavazi ya misa, tayari kupokea matoleo ya mavuno.

Kumbe ilikuwa Jumapili.

“Bibi, mbona hukuniambia?” nikanong'ona.

“Mjukuu wangu, siku hizi kila kitu kimebadilika. Nilidhani na Mungu ameanza kupima.”