Maji ya Tumbaku

Mimi ni mtu wa ndani. Tabora nzima naijua kuanzia kitandani hadi getini, kwa hiyo mbwa wangu ndiye aliyezurura kwa niaba yetu sote wawili. Alishinda na ng'ombe wa watu, akarudi na kupe wao.

Kila asubuhi niliwang'oa masikioni na katikati ya vidole, nikawaponda kwa jiwe kizingitini. Damu iliruka hadi ukutani. Nikajiona askari. Kumbe damu yote ile ilikuwa ya mbwa wangu. Akakonda, akaacha kula, pua ikaanza kuvuja damu. Nami, badala ya kumwita bwana mifugo, nikampigia simu shemeji yangu, mkulima wa tumbaku kule Usoke.

"Chemsha majani, shemeji," akasema. "Huku kuku tunawanyunyizia hayo hayo, utitiri wote chali."

Kuku hunyunyiziwa. Mimi nilichemsha fungu zima, maji yakawa meusi tii, nikamlowesha mbwa kuanzia kichwani mpaka mkiani. Akajilamba.

Nusu saa haikupita akaanza kutetemeka. Povu lilimjaa mdomoni, likachanganyika na damu ya pua. Akatoka getini akiyumba, akaanguka barabarani akirusha miguu.

"Kichaa! Mbwa ana kichaa!"

Mtaa ulitoka na fimbo na mawe. Jirani yangu, fundi cherehani, alikuja na mchi wa kinu cha mkewe. Pigo la kwanza lilitua jichoni. Nilisikia jicho likipasuka. Jiwe likampata mbavuni. Hakulia. Alijikokota kuja kwangu.

Nikamlalia juu. Mimi, ninayekimbia mende! Jiwe lililofuata likatua mgongoni mwangu.

"Toka hapo, kaka! Atakung'ata ufe!"

"Hana kichaa!"

"Sasa hilo povu ni la sabuni?"

Mchi ulikuwa umeshainuliwa tena. Ikabidi niseme mbele ya mtaa mzima: "La tumbaku! Nimemwogesha tumbaku!"

Jirani akanitazama. "Na ugoro hukumpa?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichoshusha mikono.

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki, akamwosha kwa sabuni na ndoo tatu za maji, kisha akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

"Hiyo tumbaku itamtoka," akasema. "Lakini kupe walishamwachia ugonjwa kwenye damu siku nyingi. Ulikuwa unaponda wezi, mali imeshaondoka."

Akamchoma sindano, akaniachia vidonge.

Siku ya nne mbwa alikula, akiwa na jicho moja. Jirani, ambaye hagusi mbwa kwa ajili ya udhu wake, alimsukumia sufuria ya ugali kwa mpini wa ufagio. Akala yote. Nilipomkaribia mimi, akanitolea meno.

"Usinung'unike, kaka," jirani akasema. "Mimi nimempiga mchi, wewe umemwogesha. Mwenyewe ameshaamua nani afadhali."