Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Baba

Baba yangu alikuwa na nyumba yenye milango miwili, na miaka yote ile alitumia mmoja tu, wa jikoni. Nyumba yenyewe, kule Likuyani, ilikuwa ya mzungu. Kabla ya uhuru baba alikuwa mpishi humo. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, shamba likakatwakatwa, na kipande chenye nyumba kikamwangukia baba. Watu wakampongeza. Yeye akachukua funguo, akazunguka nyuma, akaingia jikoni.

Tukakulia jikoni. Sebuleni tulikwenda kupangusa vumbi tu. Kulikuwa na kiti kikubwa cha ngozi ambacho hakikuwahi kuguswa na makalio ya Mwafrika isipokuwa yangu, siku baba alipokwenda sokoni, na nilichapwa kwa ajili hiyo. Juu yake alitundika picha ya rais na kibendera cha karatasi. Kwenye sherehe za taifa aliimba hadi mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Sisi tunapitanga huku." Basi, uhuru wetu ulikuwa wa jikoni.

Haya. Nikapata mchumba.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, mtoto wa wakulima wa miwa kutoka Ekero. Enzi hizo miwa ilikuwa imewapandisha watu mabega. Mtu akivuna leo, kesho ana redio na suti. Walikuja kuposa ndani ya lori la kubebea miwa, wanaume saba, suti zimejaa makapi. Nilimpenda kijana yule, nasema bila aibu. Na nilijua kosa moja tu lingetosha kuwarudisha kwao, ambako wasichana walikuwa tele, na baba zao hawakuwa na vituko.

Kwetu mkwe hakaribii jikoni alipo mama mkwe. Ni aibu kubwa, na posa inaweza kuvunjikia hapo hapo. Baba alilijua hilo vizuri sana. Lakini wageni walipobisha mlango wa mbele, alijitokeza ubavuni mwa nyumba akitabasamu: "Karibuni, karibuni, pitieni huku." Akawaongoza wote hadi jikoni, mama akiwa amechuchumaa anasonga obusuma, ugali wetu, sketi ameikunja magotini.

Mama alipiga kelele. Mchumba wangu akatoka mbio, macho ameyafumba, akajigonga kwenye pipa la maji.

"Wewe mzee!" mama akafoka, uso ameuficha kwa leso. "Umerogwa? Fungua ule mlango, la sivyo naupasua kwa shoka!"

Ufunguo ulizunguka, mlango ukakataa. Ulikuwa umevimba kwa mvua za miaka. Wageni wakavua makoti, wakausukuma kwa mabega, ukaachia kwa kishindo, nao wakaingia sebuleni wakicheka. Nikashukuru Mungu. Baba hakuingia nao. Alizunguka.

Mimi nilikuwa chumbani, maana binti haonekani mpaka aitwe. Nikachungulia. Baba akatokea jikoni na trei ya chai, kitambaa cheupe mkononi, mgongo ameuinamisha kidogo. Akamimina kikombe baada ya kikombe bila kumwaga tone. Hakuna hata mmoja wa wageni aliyewahi kumwona baba kabla ya siku ile, hata mchumba wangu, na tangu awapitishe jikoni walimdhania mtumishi. Mjomba wake, aliyekuwa msemaji wao, akatia vijiko vinne vya sukari, akakoroga.

"Asante, mzee," akasema. "Sasa hebu tuitie mwenye nyumba."

"Ndiyo, bwana," baba akajibu, akageuka kuelekea jikoni.

Ala! Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Posa na iharibike, nikajiambia, na mwenyewe nilikuwa nalia. Nikatoka chumbani, nikamnyang'anya baba trei.

"Mwenye nyumba ndiye huyu mnayemtuma," nikawaambia. "Ni baba yangu."

Mjomba akainuka kwa haraka, chai ikamwagikia suti. Mchumba wangu akakodolea sakafu macho. Nikajua nimekwisha. Nikamshika baba mkono, nikamvuta hadi kwenye kile kiti.

"Hicho ni cha..." akaanza.

"Cha nani, baba? Mwenyewe yuko wapi?"

Akakipangusa kiti kwa kile kitambaa cheupe.  Kisha akaketi, akaegemea nyuma kabisa hadi ngozi ikalia. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, hasira ya mwenye nyumba.

"Na wewe," akasema, "nani amekuruhusu kutoka chumbani?"

Nikakimbia. Nyuma yangu nikamsikia mjomba akisema kwa sauti ya chini, ya adabu, "Mzee, sisi tumekuja kuomba."