Mama Nene na Herufi Zake

Mwenyewe alikuwa mwembamba kama uzi, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Nene kwa sababu ya herufi zake. Akiandika jina la duka, kila herufi ilijitanua ukutani kama mtu aliyekalia benchi peke yake. Wenye maduka walizipenda, maana hata mtu wa ng'ambo ya barabara alizisoma bila kukunja uso. Wakamsifu kwamba amebuni mtindo. Naye akacheka tu.

Ukweli aliujua yeye na mumewe, fundi cherehani. Miaka sita nyuma mistari myembamba ilianza kumpotea, akawa anaongeza rangi mpaka aione. Kila mwaka brashi ikawa pana zaidi. Daktari alimwambia ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Akatia matone asubuhi na jioni bila kukosa, na ukungu ukazidi kusogea taratibu, kama mgeni ajuaye hatafukuzwa.

Ndipo mwenye kiwanda cha uchapaji akaja na ombi. Alitaka amchoree herufi zote, A hadi Z, aziingize kwenye kompyuta ziwe mwandiko wa kuchapia mabango. Mumewe alimgusa mguu chini ya meza, akatae. Hakukataa. Aliona labda mkono wake utaendelea kufanya kazi hata macho yakigoma. Alichora wiki tatu, pua ikikaribia kugusa karatasi. Unene haukumpa taabu. Taabu ilikuwa vile vitundu vya ndani, vya A, B na R, ambavyo kwenye herufi nene hubaki kama punje ya mtama. Alivikisia tu.

Mchapaji akarudi na karatasi iliyochapwa.

"Mama, hebu iangalie hiyo R. Imekaa sawa?"

Alipitisha kidole. Rangi ya ukutani huacha ukingo ambao kidole huweza kuusoma. Karatasi ile ilikuwa laini tupu. Angeweza kusema haioni. Akamrudishia karatasi.

"Imekaa," akajibu.

Miezi miwili baadaye mabango yalitapakaa mji mzima. Mumewe ndiye aliyeona: R haikuwa na tundu, ilikuwa donge tupu. Alikwenda kiwandani kimya kimya kuomba irekebishwe. Akaambiwa kwa adabu kwamba mwandiko umeshagawiwa wachapaji wengine, na isitoshe watu wameipenda R hiyo hiyo, ndiyo inayoutambulisha.

Aliporudi hakumficha mkewe. Alimweleza yote, akamalizia kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

"Kumbe walichokipenda ni kosa langu," mama akasema. Hakulia.

Wiki ile ile mwenye duka la viatu akaja nyumbani, akamkuta mume kwenye cherehani. Alitaka ukutani kwake R kama ile ya bangoni, isiyo na tundu, tena iandikwe na mkono wa Mama Nene mwenyewe. Mama alikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu tu. Asubuhi ile alikuwa amepiga mstari wa chaki ubaoni, akautafuta asiuone. Akamsikia mumewe akimwambia mteja kwamba mkewe amesafiri.

"Atarudi lini?"

Cherehani ikasimama.

"Hajasema."

Mteja akasema hana haraka, atapita tena mwezi ujao. Akaaga. Nyuma ya pazia mama alikaa na mikono mapajani, asijue aifanyie nini.