Diski Niliyoificha Kwenye Kopo la Kahawa

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka sabini na tisa, ni mwalimu mstaafu, na daktari ameniambia moyo wangu hauna safari ndefu. Nimeficha diski ya kompyuta ambayo kijiji kizima kinaamini ilifutika. Ipo chini ya kitanda changu, ndani ya kopo la kahawa.

Wakati dhahabu ilipopandisha watu wazimu huku Nyamongo, kila mtu alikuwa akitegesha. Ukisikia eneo litachukuliwa na mgodi, unasimamisha kibanda usiku mmoja ili ulipwe fidia. Wazee wakaniomba mimi mwenye kompyuta nipige picha za kila boma kabla ya fujo hizo, mwenye boma akisimama mlangoni kwake. Nilipiga zote.

Binti mmoja, Boke, alisimama na Mama Wegesa. Kwetu mama asiyejaliwa mtoto wa kiume huoa binti kwa ng'ombe, watoto wakawa wa nyumba yake. Mama Wegesa alimwoa Boke hivyo. Mama Wegesa alipofariki, ile picha ndiyo ilibaki kuwa ushahidi pekee wa Boke kwamba boma ni lake.

Kompyuta ikaanza kugongagonga. Nikaipeleka mjini, mtaa wa Bomani, kwa fundi mmoja kutoka Tanga, nimwite Bakari.

"Shikamoo mwalimu. Hii inakoroma kuliko bibi yangu," akacheka. "Tununue diski mpya, tuhamishe kila kitu, mpaka takataka zake. Ila hapa pana mtego: ukikosea upande, unanakili diski tupu juu ya iliyojaa. Basi, umezika."

Hakukosea. Tulikaa tangu asubuhi hadi alasiri. Nilipogusa meza akanifokea, "Mzee, usiiguse hata nzi akitua!" Ilipomalizika tulifungua picha moja baada ya nyingine. Zote zilikuwepo. Ile ya zamani ikafa wiki hiyohiyo.

Wathamini walipokuja kukadiria fidia, boma la Boke lilikuwa limeshabomolewa na kiwanja kimeandikwa jina la mtu mwingine, ambalo kikaoni halikusomwa. Boke akasimama mbele ya kikao akalia, "Mwalimu, fungua picha waone!"

Nikajibu, "Picha hazipo. Fundi alikosea upande."

Watu walimvamia Bakari dukani wakimwita mharibifu. Alinitazama akasema, "Mwalimu, si uliondoka hapa zikifunguka? Waambie." Nikageuka nikaenda nyumbani, nikaichomoa ile diski mpya nikaificha kwenye kopo la kahawa. Nani angemwamini mgeni dhidi ya mwalimu aliyewafundisha kusoma? Alifunga duka, akarudi kwao.

Boke sasa amepanga chumba huko Manchira, mbali na kijiji chetu, anafua nguo za watu. Mwezi uliopita aliposikia naumwa alikuja mpaka kwangu na chupa ya uji wa ulezi. Akaninywesha kwa kijiko kama mtoto.

"Tata," akaniuliza taratibu, kwa lile neno letu la baba, "zile picha kweli hazirudi? Siku hizi wanafufua hata simu iliyotumbukia chooni."

"Kilichofutwa kimefutwa, binti yangu."

"Haya. Basi kunywa, uji unapoa."

Alipoondoka nilitoa kopo, nikaunganisha diski na kompyuta. Nilitamani iwe imekufa kweli. Ikawaka. Mama Wegesa yupo mlangoni, Boke kando yake amebeba mtoto mgongoni, na nyuma yao mgomba wenye mkungu. Nikaizima, nikairudisha kwenye kopo.

Mtaniuliza, mzee, kwa nini usimpe tu? Nikimpa, wanangu wataonwa watoto wa mwizi kabla sijazikwa. Nikifa nayo, wataitupa pamoja na makopo mengine, na mtoto yule wa mgongoni, ambaye sasa ni kijana, hatajua alizaliwa wapi. Na Bakari, kama bado yu hai, anaitwa mharibifu kwa kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

Nishaurini, wanangu. Nimwite Boke nimkabidhi mkononi nikimtazama usoni, au nimwachie mtu ampe nikishafukiwa? Siku ni chache na sina ujasiri.

Lakini msinishauri kabla hamjajua hili. Jina lililoandikwa kwenye kiwanja cha Boke ni langu.