Ua la Pasaka la Mwazye

Kwa miaka ishirini na saba Scola ndiye aliyepeleka ua la Pasaka kwenye kigango chao, kanisa dogo la Kikatoliki pembeni mwa kijiji cha Mwazye. Ni ua dogo jekundu, jeupe katikati, linaloota kwenye nyufa za genge moja tu la mawe juu ya mashamba ya ulezi. Kazi hiyo aliachiwa na mama mkwe wake pamoja na kisu cha kulikatia, na alikuwa na wivu nayo kwelikweli. Wenzake walipamba altare kwa maua ya uani. Yeye alipita katikati ya kanisa na lake mkononi, polepole kuliko ilivyohitajika.

Zamani alikata fungu zima. Yakaja kuwa matano, kisha mawili, mwaka jana moja. Kwenye kikao cha Kwaresima, Baltazari, mwenyekiti wa kigango, aliuliza maua yanakwenda wapi. Scola hakukawia kujibu: yanaliwa na mbuzi wa Ndalahwa. Huyo ni Msukuma aliyehamia na familia yake miaka sita iliyopita, na mbuzi wake kweli huzagaa kule juu. Kikaoni hakuwepo. Wakakubaliana kwamba Jumatatu ya Pasaka wazee waende kumwambia awaondoe. Malisho mengine hana, kwa hiyo kila mtu alijua maana yake ni ahame.

Jumamosi Kuu asubuhi Scola alibeba ngazi yake ya miti akapanda gengeni. Ua lilikuwa moja. Alishika shina, akatoa kisu, ndipo macho yake yakaangukia vikonyo vya miaka iliyopita. Vilikuwa vimekaukia kwenye nyufa, vyote vimekatwa mshazari, vile anavyokata yeye. Hakuna hata kimoja kilichotafunwa. Kinyesi cha mbuzi nacho hakikuwepo, maana pale bila ngazi hapafikiki.

Akakaa kwenye jiwe. Mbegu ya ulezi anaijua, ya mahindi anaijua, hata za magugu yanayomchosha kila mwaka. Mbegu ya ua hili hakuwahi kuiona, kwa sababu hakuwahi kuliacha likomae. Aliona aibu, tena aibu nzito, kwa vile hapakuwa na wa kumtwisha. Akafikiria kushuka na kusema tu kwamba mwaka huu halikuota. Hakuna ambaye angepanda kuhakikisha, na Ndalahwa angehama.

Jumapili aliingia kanisani mikono mitupu, na watu wakageuka kumtazama. Wakati wa matangazo Baltazari alikumbushia safari ya wazee ya kesho yake, kisha akamgeukia Scola.

"Mama Fabiani, ua letu liko wapi?"

Scola alisimama.

"Liko gengeni. Nimeliacha litoe mbegu," akasema. "Na mbuzi wa Ndalahwa hawafiki pale, baba. Anayefika ni mimi."

Akakitoa kile kisu kwenye kanga, akakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akarudi kukaa. Baltazari alikisogeza kando, akaendelea na tangazo la usafi wa makaburi.

Jumatatu wazee hawakwenda kwa Ndalahwa. Alikwenda Scola peke yake, kumwomba radhi kwa singizio ambalo mwenye mbuzi hata alikuwa hajalisikia.